Tafuta nguzo, usitafute waya: helikopta na nyaya za stima

Mwaka jana nilipanda kutoka Mombasa hadi Wamagana, kule Tetu katika Kaunti ya Nyeri, kumzika mama wa rafiki yangu niliyefanya naye kazi miaka mingi. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala bondeni kama pamba. Ulipoanza kuinuka, mmoja wa wageni wa heshima akafika kwa helikopta. Uwanja wa shule ya msingi ndio uliokuwa umetengwa kwa ajili ya kutua. Helikopta ilizunguka mara moja, ikashuka upande wa bonde, kisha ghafla ikapaa tena, ikatulia hewani kidogo, ikageuka na kuja kutua kwa upande mwingine kabisa. Vijana walipiga makofi wakidhani ni mbwembwe.

Baadaye nilimkuta rubani amesimama kando ya chombo chake na sahani ya chakula mkononi. Nikamuuliza kwa nini aligeuza njia. Akanionyesha kwa kidole upande wa bonde. "Kuna waya pale," akasema. Nikatazama, sikuona kitu. Akacheka. "Hata mimi siuoni. Niliona nguzo mbili, moja huku na nyingine ng'ambo. Nikajua kati yake lazima pana waya."

Maneno hayo nilirudi nayo Pwani, na tangu hapo nimekuwa nikisoma juu ya jambo hili kila nikipata nafasi. Nimeona niyaandike hapa kwa sababu msimu wa siasa unapokaribia helikopta huwa nyingi angani, na sisi tulio chini tuna sehemu yetu katika usalama wake kuliko tunavyodhani.

Si hadithi ya mbali

Kenya imewahi kulia kwa sababu ya nyaya. Tarehe 24 Januari 2003, wiki chache tu baada ya serikali ya NARC kuingia madarakani, mawaziri kadhaa walikuwa Busia kwenye sherehe ya kumkaribisha nyumbani Waziri Moody Awori. Walipokuwa wakirejea Nairobi, ndege yao aina ya Gulfstream, ya injini mbili za rafadha, iligonga nyaya za stima mara tu ilipopaa kutoka kiwanja kidogo cha Busia, ikaanguka. Marubani wawili walifariki, pamoja na Waziri wa Leba, Ahmed Khalif Mohamed, Mbunge wa Wajir Magharibi. Waislamu wengi wa rika langu na walio wakubwa kwangu wanamkumbuka pia kwa kazi yake katika Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, SUPKEM. Martha Karua, Raphael Tuju na Linah Jebii Kilimo walikuwa miongoni mwa walionusurika, baadhi yao wakiwa na majeraha mabaya.

Ile ilikuwa ndege, haikuwa helikopta. Lakini somo ni lile lile: chombo kiko karibu na ardhi, kiwanja ni kidogo, wenyeji wana shangwe, na waya uko pale pale ulipokuwa jana.

Tukirudi nyuma zaidi, tarehe 23 Januari 1954, mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alikuwa akizungushwa kwa ndege ndogo aina ya Cessna juu ya Maporomoko ya Murchison, Uganda, pamoja na mkewe Mary. Rubani Roy Marsh alikuwa ameshuka chini ili wageni wake waone vizuri. Ndege ikagonga waya wa zamani wa simu uliokuwa umeachwa, hautumiki tena, ikaanguka porini. Wote watatu walipona. Kesho yake ndege iliyotaka kuwaondoa Butiaba nayo ikashika moto ilipokuwa ikijaribu kupaa, na magazeti ya dunia yakawa tayari yametangaza kifo cha Hemingway. Kitu kilichomwangusha mara ya kwanza ni waya ambao hata kazi haukuwa nayo.

Kwa wenzetu ng'ambo visa ni vingi. Tarehe 25 Oktoba 1991, Bill Graham, mwandalizi mashuhuri wa matamasha ya muziki Marekani, alikufa pamoja na rubani na mwenzake mmoja, helikopta yao ilipogonga mnara wa nyaya za umeme karibu na Vallejo, California, usiku wa mvua na upepo. Tarehe 5 Novemba 2021, mwimbaji wa Brazil Marília Mendonça alifariki na watu wengine wanne baada ya ndege yao ndogo kugonga waya wa umeme ikikaribia kutua, katika jimbo la Minas Gerais.

Kwa nini rubani hauoni

Swali la kwanza ambalo kila mtu huuliza ni hili: mtu ana macho, ana mafunzo, ameketi mbele ya kioo kikubwa, hauoni vipi waya? Jibu ni kwamba jicho la binadamu halikuumbwa kuona uzi mwembamba kutoka mbali huku mtu akienda kasi.

Helikopta ikienda kilomita 180 kwa saa inakata mita 50 kila sekunde. Rubani akiuona waya ukiwa mita 150 mbele yake, ana sekunde tatu za kuutambua, kuamua na kukigeuza chombo. Na mara nyingi hauoni hata kwa umbali huo. Waya mpya hung'aa, lakini ukikaa juani na mvuani miaka michache hugeuka rangi ya kijivu, ukafanana na wingu, mawe au msitu ulio nyuma yake. Jua likiwa usoni, hupotea kabisa. Tena waya hautulii mahali pamoja: joto la mchana huufanya ulegee na kushuka, na baridi ya usiku huukaza.

Kuna mtego mwingine kwenye zile laini kubwa za minara ya chuma. Nyaya nene zinazobeba umeme zinaonekana. Juu yake kabisa, kwenye ncha za minara, hupita waya mwembamba zaidi wa kukinga radi. Rubani anaziona zile nene, anainua chombo kuziruka, na anaupata ule mwembamba ambao hakuuona.

Lililonishangaza kuliko yote ni kwamba kujua waya upo hakutoshi. Uchunguzi uliofanywa Australia juu ya ndege zinazonyunyizia dawa mashambani, ambazo kazi yake yote hufanyika chini chini, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya marubani waliogonga waya walikuwa wanajua tangu mwanzo kwamba upo. Walisahau kwa dakika moja. Akili ilikuwa kwenye kazi, au kwenye waya mwingine, au kwenye simu ya mwenye shamba.

Wamagana na vilima vyake

Sasa mchukue rubani huyo umpeleke Tetu. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Wamagana unazidi kupanda kuelekea msitu wa Nyandarua. Nchi ile ni migongo na mabonde: mgongo, bonde, mto, mgongo tena. Sisi tuliozoea tambarare za Pwani tunachoka hata kuyatazama.

Stima huvuka mabonde hayo kwa mkato. Nguzo ya mbao ya kawaida, ile ya laini ya volti 11,000 au 33,000, huwa na urefu wa mita 10 hadi 12 hivi, na sehemu yake imefukiwa ardhini. Mtu akisimama kando yake anaona kitu cha kimo cha mnazi mfupi. Lakini nguzo ikisimamishwa juu ya mgongo huu na nyingine juu ya mgongo wa ng'ambo, waya unaopita katikati huwa juu sana kutoka mtoni. Rubani anayefuata bonde, akijiona yuko juu ya miti na majani chai kwa nafasi nzuri, kumbe yuko kimo kimoja na waya. Na nguzo zenyewe, ambazo ndizo dalili pekee, mara nyingi zimefunikwa na mikaratusi.

Ongeza mambo mawili. La kwanza ni hali ya hewa. Miezi ya Juni hadi Agosti, nchi za Mlima Kenya huwa na baridi, manyunyu na wingu la chini. Rubani asiyetaka kuingia ndani ya wingu hushuka apite chini yake, na kila anaposhuka anazikaribia nyaya. La pili ni hewa yenyewe. Huko juu ni nyepesi kuliko ya baharini, kwa hivyo helikopta iliyojaa abiria haina nguvu za kuinuka wima kwa wepesi. Hulazimika kuondoka kwa mteremko mrefu, ikipita juu ya ua wa shule, barabara na nguzo za pembeni.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Uwanja wa shule umekuwa kiwanja cha helikopta cha mashinani kwa miaka mingi, kwa kuwa ni wazi, una nyasi na kila mtu anaujua. Lakini kati ya mwaka 2013 na miaka michache iliyofuata, serikali iliunganisha stima kwa maelfu ya shule za msingi za umma, kwa ajili ya mpango wa kompyuta za wanafunzi. Katika kipindi cha miaka kumi wateja wa Kenya Power waliongezeka kutoka milioni 2 na kitu hadi zaidi ya milioni 9. Hii ni neema na hakuna anayeikataa. Ila maana yake ni kwamba uwanja ule ule ambao rubani alitua mwaka 2012 bila shida, leo una nguzo, transfoma na waya unaokatiza kona. Kumbukumbu ya zamani sasa ni hatari, na ramani huchelewa kuliko fundi wa stima.

Waya ukiguswa

Watu wengi hudhani hatari ni kupigwa na umeme. Mara nyingi si hivyo. Chombo kikiwa hewani hakijagusa ardhi, na madhara makubwa ni ya waya wenyewe kama kamba. Hujizungusha kwenye mhimili wa rafadha kubwa ya juu na kukata vyuma vidogo vinavyoiongoza. Au hunasa miguu ya kutulia, chombo kikapinduka kwa pua. Au hukata rafadha ndogo ya mkiani, na bila hiyo helikopta huanza kujizungusha yenyewe kama pia. Karibu na ardhi hakuna nafasi ya kusahihisha kosa.

Kinga zilizopo

Sisi Waswahili tuna msemo, ajali haina kinga. Wenye kazi hii hawakuuridhia, na hivi ndivyo walivyojikinga.

Ya kwanza ni kimo. Kanuni za anga za kimataifa, ambazo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya (KCAA) inazifuata, zinamtaka rubani anayeruka kwa kutazama kwa macho asishuke chini ya futi 500, yaani mita 150, na juu ya miji na mikusanyiko asishuke chini ya futi 1,000 kutoka kizuizi kirefu kilicho karibu. Lakini kanuni hiyo ina mlango: haihusu wakati wa kupaa na kutua. Na huo ndio wakati wenyewe wa uwanja wa shule.

Ya pili ni mipira ya rangi. Umewahi kuiona ikining'inia kwenye nyaya karibu na viwanja vya ndege au mahali laini inapovuka mto. Viwango vya kimataifa vinataka mpira usiwe na kipenyo chini ya sentimita 60, na wa kiasi hicho upangwe kwa nafasi isiyozidi mita 30, rangi zikipishana, nyeupe na nyekundu au ya machungwa. Ni kinga nzuri, lakini huwekwa kwenye laini kubwa zilizo njiani mwa ndege. Usitegemee kuiona kwenye waya wa shule.

Ya tatu ni visu. Miaka ya 1970 huko Kanada, kiwanda cha Bristol Aerospace kilitengeneza visu vikali vya chuma vinavyofungwa juu na chini ya kioo cha mbele cha helikopta. Waya ukigonga kioo huteleza hadi kwenye kisu, ukakatwa. Vimeokoa watu wengi. Lakini hufanya kazi chombo kikiwa na mwendo na waya ukija kwa mbele. Helikopta inayoshuka polepole uwanjani, au inayogusa waya kwa mkia, haipati msaada wake.

Ya nne ni adabu ya rubani. Huzunguka uwanja akiwa juu kabla ya kushuka. Hutafuta nguzo, vikombe vilivyo juu yake na waya unaoiegemeza nguzo ardhini, kwani hivyo humwambia laini inaelekea wapi. Akilazimika kuvuka laini, huivuka juu ya nguzo yenyewe, si katikati, kwa sababu nguzo anaiona na waya haupandi zaidi ya hapo. Yule wa Wamagana alifanya hivyo, ndiyo maana alikula chakula chake kwa utulivu.

Kazi ya mwenyeji

Ya tano ni yetu. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili ni mwenyeji anayemponya mgeni, kwa sababu yeye ndiye anayejua stima iliingia lini na inapita wapi. Ukiwa katika kamati ya mazishi, harusi, harambee au mkutano, na umeambiwa kuna helikopta inakuja, fanya haya:

- Uzunguke uwanja kwa miguu siku moja kabla. Hesabu kila nguzo, kila waya, hata ule wa kwenda nyumbani kwa mwalimu mkuu, na nyaya za simu pia.
- Wapelekee wenye helikopta habari hizo kwa simu kabla ya kuondoka, pamoja na picha. Sema waya uko upande gani wa uwanja na unaelekea wapi.
- Chagua uwanja mwingine kama huu umezingirwa. Mgeni akitembea nusu kilomita heshima yake haipungui.
- Mweke mtu mmoja, si kumi, wa kuwasiliana na rubani. Watu ishirini wakipunga leso, rubani hajui ni salamu au ni onyo.
- Wazuie watoto na boda boda upande ambao chombo kitaondokea, kwani hapo ndipo kitakapoanguka kikishindwa kupaa.
- Usimharakishe rubani. Akisema wingu limeshuka na hawezi kuondoka, mheshimiwa alale au arudi kwa gari.

Ikitokea, Mungu apishe mbali

Tabia yetu ni kukimbilia. Nia ni njema, lakini waya ulioanguka chini unaweza kuwa na umeme hata kama hautoi cheche. Zaidi ya hayo, laini nyingi zina mitambo inayojaribu kurudisha umeme yenyewe baada ya sekunde chache. Waya uliokuwa umekufa ulipoutazama unaweza kufufuka ukiwa umeushika.

Simama mbali, angalau mita kumi, na zaidi kama ni laini ya minara ya chuma. Usiguse waya, chombo wala ua wa chuma ulioguswa na waya, hata kwa mti mkavu. Piga Kenya Power kwa 97771 wakate laini, na polisi kwa 999 au 112. Walio ndani wakae ndani, isipokuwa moto umeshika. Ukijikuta umesimama karibu na waya, usitembee kwa hatua ndefu. Weka miguu pamoja uiburute kidogo kidogo hadi utoke, kwa maana ardhi yenyewe huwa na umeme, na mguu mmoja ukiwa mbali na mwingine, mwili wako unakuwa njia yake.

Na sisi wa Pwani

Mtu asiseme haya ni ya watu wa milimani. Laini ya volti 220,000 inatoka Rabai, ikapita Malindi na Garsen hadi Lamu. Nyingine kubwa zaidi inakwenda Nairobi tangu 2017. Vijijini nako milingoti ya stima imesimama katikati ya minazi, imefanana nayo kwa rangi na kimo, hata mwenyeji huipoteza kwa macho. Helikopta ya kuchukua mgonjwa mahututi kisiwani au kijijini haina muda wa kuzunguka mara tatu. Inategemea neno la aliye chini.

Tumefundishwa tumfunge ngamia kwanza, kisha tumtegemee Mwenyezi Mungu. Watu wa Wamagana walikuwa na rubani aliyejua kutafuta nguzo. Siku ile hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo, aliyekuwa amemwambia kwamba waya upo.